Punda wangu ana kidonda mgongoni: ninunue tandiko la farasi?

Swali: Asalam alaykum, mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Nina punda watatu. Wawili hubeba mawe, mchanga na saruji kutoka gatini hadi kwenye majengo. Wa tatu ni jike, huwapandisha wageni jioni ufukweni Shela, na ndiye ninayempanda mwenyewe nikienda Matondoni kwa mama. Huyu jike amepata kidonda juu ya mabega, na nyuma ya kidonda nywele zimeota nyeupe. Nilimwongezea gunia, kisha sponji ya godoro, na kidonda kimezidi. Siku hizi nikimfunga mkanda hugeuka kutaka kuniuma. Rafiki yangu wa Malindi anauza tandiko la farasi la ngozi, lililotumika, lenye vikuku vya kuwekea miguu. Je, litamfaa? Na mbona mimi mwenyewe nikifika Matondoni kiuno huniuma kama niliyelima kutwa nzima?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na yasiyoweza kungoja. Usilinunue hilo tandiko bado. Ile sponji itoe leo. Na huyo jike asiwekewe kitu chochote mgongoni, hata gunia tupu, mpaka ngozi ifunge na nywele zirudi. Najua hizo ni wiki kadhaa bila pesa ya ufukweni. Lakini ukimtandika juu ya kidonda unakifungua upya kila jioni, na wiki zitageuka miezi.

Sasa nikueleze sababu, kwa maana ukiijua utaweza kulipima tandiko lolote mwenyewe, liwe la Malindi au la kwa fundi wa mtaani.

Nenda kasimame ubavuni mwa punda wako. Punda wetu wengi wa kijivu wana mstari mweusi unaotoka shingoni hadi mkiani, na mwingine unaoukata juu ya mabega. Pitisha kidole juu ya ule mstari mrefu. Utagusa vifundo vya mfupa, kimoja baada ya kingine, na juu yake ni ngozi tu, nyama hakuna. Hizo ni ncha za pingili za uti wa mgongo. Sogeza kidole kulia au kushoto kwa upana wa vidole viwili, utaingia kwenye misuli minene inayofuatana na uti, na chini ya misuli hiyo ziko mbavu, jozi 18, zimejipinda kama mataruma ya jahazi, zile mbao zilizopindwa zinazoshika ubavu wa chombo. Mzigo wowote, awe mtu au mawe, una mahali hapo tu pa kukaa: juu ya misuli ya kulia na ya kushoto, inayoshikwa na mataruma. Ule mstari mweusi usiguswe na kitu.

Ndiyo maana huwaambia vijana kwamba tandiko ni daraja. Daraja lina miguu miwili, mmoja ng'ambo hii na mmoja ng'ambo ile, na katikati maji yanapita bila kuguswa. Tandiko zuri lina mito miwili mirefu na imara inayokaa pande mbili za uti, na kitu kigumu kinachoiunganisha juu, ili katikati pabaki uwazi unaopitisha hewa kutoka mabegani hadi nyuma. Sisi tumezoea kulifikiria tandiko kama godoro, kwa hiyo mnyama akiumia tunaongeza ulaini. Kosa hilo nimelifanya mimi. Miaka mingi nyuma, mzee mmoja mchukuzi wa boriti aliniletea punda mwenye uvimbe mdogo juu ya mabega, nami nikamshauri aongeze sponji. Baada ya siku chache uvimbe ulipasuka, na chini yake nyama ilikuwa imeoza hadi karibu na mfupa. Yule punda alipona kwa taabu, na tangu siku ile sijamwambia mtu yeyote aongeze kitu laini kabla ya kuangalia umbo la kilichopo.

Sponji inaharibu kwa njia tatu. Kwanza, inabonyea. Ukiishika mkononi ni nene, lakini mtu akishaikalia inakuwa nyembamba kama kitambaa, na inabonyea zaidi palepale penye mfupa, ambapo ndipo ulipoitaka ibaki nene. Pili, kama tandiko lilikuwa linabana, unene unaongeza kubana. Ni sawa na kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kidogo. Tatu, inashika jasho na joto, na kwa unyevu wa hapa kwetu, hasa kaskazi ikikaribia kwisha na upepo umelala, ngozi iliyolowa chini ya sponji hulainika na kuchubuka upesi.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mtu wa kilo 60. Akikaa juu ya tandiko linalogusa misuli kwa eneo la sentimita za mraba 600 kwa jumla, kila sentimita ya mraba hubeba gramu 100. Mtu yuleyule akikaa juu ya tandiko lisilolingana na mgongo, likagusa sehemu nne tu, kila moja ukubwa wa sanduku la kiberiti, kila sentimita ya mraba hubeba zaidi ya gramu 850. Hapo punda amesimama tu. Akianza kwenda mwendo wa haraka, ule unaomrusha mpanda juu na chini, kila anapotua nguvu inayoshuka mgongoni hupita mara mbili ya uzito wake.

Chini ya ngozi kuna mishipa midogo sana ya damu, myembamba kuliko unywele. Ikikandamizwa, damu haipiti. Dakika chache hazidhuru, damu hurudi. Ikikaa hivyo saa baada ya saa, siku baada ya siku, nyama inakufa, na mara nyingi huanza kufa ndani, karibu na mfupa, kabla ngozi haijaonyesha chochote. Kwa hiyo unapokiona kidonda, jua kimeshakaa muda. Zile nywele nyeupe ni habari ya zamani zaidi: mahali pale shinikizo liliwahi kuharibu mashina ya nywele yanayotoa rangi. Nywele zikiota tena huota nyeupe, na kwa kawaida hubaki hivyo. Punda akiletwa kwangu mara ya kwanza, kabla sijamuuliza mwenyewe neno, mimi husoma nywele nyeupe. Zikiwa juu ya mabega, tandiko lilikuwa linakaa juu ya mfupa mbele. Zikiwa upande mmoja tu, mzigo ulikuwa ukiegemea upande huo.

Na huko kugeuka kutaka kuuma usikuite ujeuri. Punda ni mnyama anayeficha maumivu. Farasi huruka na kupiga kelele, punda hutulia, husinzia, huinamisha masikio, nasi tunasema huyu ni mpole. Mpaka afikie kukuuma unapomfunga mkanda, amekwisha kukuambia mara nyingi kwa ishara ndogo: kukunja ngozi ya mgongo ukimgusa, kuchezesha mkia, kuinama unapopandisha tandiko, kusogea pembeni. Watu husema asante ya punda ni mateke. Mimi katika kazi hii sijaona teke lisilo na sababu, na mara nyingi sababu niliikuta chini ya gunia.

Tuje kwenye tandiko la rafiki yako. Ndani ya tandiko la farasi, chini ya ngozi, mna fremu ngumu, kwa asili ya mbao, siku hizi pia ya plastiki ngumu. Fremu hiyo ndiyo daraja. Umuhimu wake ulizidi watu walipoanza kutumia vikuku vya miguu. Vikuku viwili vya kale zaidi ambavyo tarehe yake inajulikana kwa yakini vilitoka kwenye kaburi la mwaka 415 huko kaskazini-mashariki mwa China. Mpanda anaposimama juu ya vikuku, uzito wake wote unashuka kwenye kanda mbili nyembamba. Bila fremu ya kuutawanya, kanda hizo zinakata mgongo. Ndiyo sababu nakusihi usithubutu kurusha kamba yenye vikuku juu ya gunia, kama nilivyowaona wengine wakifanya ufukweni ili mgeni apate pa kukanyaga. Kamba ile inapita juu ya mstari mweusi, na kila hatua ni kisu butu.

Liko tandiko moja la jeshi la Marekani, la McClellan, lililoanza kutumika mwaka 1859, ambalo napenda kulitolea mfano kwa sababu mtu anaweza kulielewa kwa kulitazama tu: katikati yake lina uwazi mrefu kutoka mbele hadi nyuma, hata ukitazama kwa juu unauona mgongo wa farasi. Lina ugumu wake kwa makalio ya askari, lakini uti wa mnyama unapata hewa.

Basi kwa nini nasema usilinunue bado? Kwa sababu fremu ni ngumu, na kitu kigumu kikilingana na mgongo ni rehema, kisipolingana ni adhabu kubwa kuliko gunia. Mgongo wa punda haufanani na wa farasi. Farasi ana kinundu kilichoinuka juu ya mabega, kisha mgongo unazama kidogo katikati. Punda kinundu chake ni kifupi, karibu hakipo, na mgongo umenyooka kama ubao. Tandiko lililopindwa kufuata mzamo wa farasi, ukiliweka juu ya mgongo ulionyooka, huyumba mbele na nyuma kama kiti cha kubembea, na uzito wote unatua katikati. Halafu kuna urefu. Tandiko la mtu mzima limetengenezwa kwa farasi mwenye mgongo mrefu. Kwa punda wetu wadogo litapita ubavu wa mwisho na kukalia kiuno. Na kiunoni hamna mataruma ya kubeba, mna pingili na misuli peke yake. Tena lenyewe lina uzito: la Kiingereza huwa na kilo 5 hadi 8, na lile la wachunga ng'ombe wa Marekani hufika kilo 15 na kupita.

Usinitegemee mimi wala neno la muuzaji. Pima. Chukua waya mnene unaopindika na kubaki ulivyo, kama ule wa umeme wenye shaba nzito ndani, urefu wa mkono. Msimamishe punda mahali tambarare, kichwa mbele, miguu sawa. Tafuta fupa pana la bega, lile kombe, kwa kumwinua mguu wa mbele na kuunyoosha polepole. Utaona kombe linarudi nyuma. Weka alama kwa chaki pale ukingo wake wa nyuma unapoishia. Tandiko lisivuke alama hiyo kwenda mbele, maana kila hatua kombe litakuwa linagonga ukingo wa fremu. Sasa lalisha waya mgongoni, upana wa vidole viwili nyuma ya alama, uukandamize ufuate umbo la pande zote mbili, uunyanyue bila kuukunja, uulaze juu ya kadibodi, uchore, ukate. Fanya hivyo tena katikati ya mgongo, na mara ya tatu pale ubavu wa mwisho unapokutana na misuli. Sasa una kadibodi tatu. Pima pia umbali kati ya chaki na ubavu wa mwisho. Andika.

Ukienda Malindi nenda na hizo kadibodi. Ligeuze tandiko, uziingize kwa chini, moja baada ya nyingine, mahali pake. Kadibodi ya mbele ikikwama juu na kuacha nafasi kwa chini, tandiko ni jembamba, litabana misuli kama koleo. Ikizama mpaka kilele chake kikagusa dari ya tandiko, ni pana mno, na juu ya mgongo litaanguka likalie mfupa, ambalo nadhani ndilo lililompata jike wako. Uwazi wa katikati uwe upana wa vidole vitatu au vinne kutoka mwanzo hadi mwisho, usiwe mpana mbele ukaishia mwembamba nyuma. Gusa mito yake kwa kiganja chote, taratibu. Kama kuna vinundu, mashimo, au upande mmoja umejaa kuliko mwingine, sufu ya ndani imejikusanya na inahitaji kutolewa na kujazwa upya. Mwisho, ipime fremu: egemeza tandiko kwenye paja, shika upinde wa mbele kwa mikono miwili, uusukume kwa ndani. Ukisikia mlio au ukiona inacheza, imevunjika, na tandiko la fremu iliyovunjika halifai hata ukipewa bure.

Likipita mitihani hiyo yote, mlete punda aliyepona, ulijaribu kwanza bila kitambaa chini. Mtu akiwa ameshakaa, ingiza vidole kati ya tandiko na mfupa wa mabega. Vidole viwili vilivyolala vipite bila kuminywa. Mpande nusu saa, kisha ulivue uangalie jasho. Jasho liwe sawasawa pande mbili, na mstari wa katikati uwe mkavu. Penye duara kavu katikati ya eneo lililolowa pana mashaka: ama tandiko haligusi pale, ama linakandamiza hata jasho limeshindwa kutoka. Bonyeza kwa kidole, punda atakwambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Kuna jambo jingine la punda ambalo fundi wa matandiko ya farasi huenda asilijue. Kwa kuwa hana kinundu cha kulizuia, tandiko lake huteleza mbele, hasa akishuka mteremko au akisimama ghafla. Watu hulitibu kwa kukaza mkanda wa tumbo mpaka mnyama anashindwa kuvuta pumzi, na matokeo ni vidonda nyuma ya viwiko. Mkanda wa tumbo uwe mpana, wa pamba au ngozi laini, si kamba ya plastiki, na vidole viwili vipite chini yake. Kinachozuia tandiko lisiende mbele ni ukanda mpana unaozunguka nyuma ya mapaja, usawa wa katikati ya paja, umefungwa tandikoni kila upande, ulegee kiasi cha kupitisha kiganja. Ukanda wa kupita chini ya mkia siupendi. Ngozi ya pale ni laini mno, na uchafu haukosekani. Tandiko likiteleza kwenda upande mmoja kila siku, upande uleule, usiharakishe kulilaumu. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2013 kwamba kwa farasi jambo hilo mara nyingi hutokana na kuchechemea kwa mguu wa nyuma ambako jicho halijakuona bado. Nami ukiniletea punda wa namna hiyo, nitaanza na miguu na kwato.

Nimefika kwenye neno ambalo hutalipenda. Daraja lolote, hata lijengwe vipi, halipunguzi uzito. Kwa farasi, kipimo kinachotajwa sana ni kwamba mpanda pamoja na tandiko wasizidi moja ya tano ya uzito wa mnyama. Jaribio la Marekani la mwaka 2008 liliwapima farasi wakibeba asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao, na kuanzia 25 mioyo ilienda mbio zaidi na misuli ikauma na kukaza. Jike wako, kama ana kilo 140, moja ya tano ni kilo 28. Punda huvumilia kidogo zaidi ya farasi kwa ukubwa wake, lakini hata shirika la The Donkey Sanctuary, hilohilo lenye kliniki hapo Lamu tangu 1987, kwa punda wa Uingereza walio wakubwa kuliko wetu limeweka kikomo cha mpanda kuwa kilo 50. Mgeni wa kilo 90 asipande kabisa. Mwambie mapema, kwa adabu, kabla hajatoa pesa, kwamba punda wako ni wa watoto, na kwamba yeye anakaribishwa kutembea pembeni akimshika hatamu. Nimewaona wageni wakiheshimu hilo, na wengine wakilipa zaidi kwa sababu yake. Huko Blackpool, mji wa ufukweni Uingereza, punda wanaopandwa na watoto wana kanuni zao za mji kuhusu saa za kazi, na Ijumaa hawafanyi kazi. Lamu, mji wa Ijumaa na Maulidi, hatuwezi kushindwa na Blackpool.

Sasa kiuno chako. Kinauma kwa sababu ileile inayomuumiza jike. Juu ya rundo la magunia unakaa mahali papana, mapaja yametanuka kupita kiasi, nyonga zimekaza. Huna mahali pa kuweka miguu, kwa hiyo inaning'inia mbele, na makalio yanabingirika kwa nyuma. Mgongo wako unapinda kama upinde, na kila hatua ya punda inapanda moja kwa moja kwenye pingili za kiuno, maana magoti na nyonga, ambazo Mungu aliziumba zipokee mshindo, hazina kazi. Tena ukichoka unaegemea upande mmoja, naye anajikaza upande wa pili ili asianguke. Mnafika Matondoni wote wawili misuli imekauka.

Tandiko zuri kwa mpanda lina bonde katikati, ndipo makalio yanapotulia. Bonde likiwa nyuma sana utakaa kama mtu kitini, miguu mbele, na uzito wako wote utaangukia kiuno cha mnyama. Vikuku navyo vining'inie karibu chini ya mwili wako. Mtu akikutazama ubavuni, sikio, bega, nyonga na kisigino viwe karibu mstari mmoja. Ukijiona unavutwa miguu mbele kila mara ingawa unajirekebisha, kosa ni la aliyeviweka vikuku, wala usijilaumu. Kikuku kiwe kipana kuliko kiatu kwa kidole kimoja, ili ukianguka mguu utoke. Kwa safari ya Matondoni, kama umezidi kikomo kile cha mpanda, tembea nawe ukimshika hatamu; kama hujazidi, shuka utembee sehemu ya njia, hasa penye mchanga mzito. Askari wa farasi walifanya hivyo katika safari ndefu, na kiuno chako kitashukuru kabla ya punda kushukuru.

Kwa wale wawili wa mawe sitasema mengi, maana kanuni ni ileile. Shogi, lile kapu la pande mbili la kubebea mzigo, likae juu ya daraja, lisilale moja kwa moja mgongoni. Shogi la mkeka likijaa mchanga uliolowa, katikati yake hukaza juu ya uti kama kamba iliyovutwa pande mbili. Pakia watu wawili kwa pamoja, jiwe kulia na jiwe kushoto, na mshushe vivyo hivyo. Mchukuzi akipakia upande mmoja kwanza, tandiko hupinduka na kukwangua ngozi, na ngozi iliyokwanguliwa yenye chembe za saruji ndani huchomeka. Pangusa mgongo kwa kiganja kabla ya kila safari. Chembe moja ya kokoto chini ya mto inatosha kufungua kidonda.

Na tukubaliane: Lamu kuna mikono ya kutengeneza kitu bora kuliko hicho cha Malindi. Chukua kadibodi zako umpelekee seremala. Akuchongee pinde mbili za mbao ngumu, moja kwa kadibodi ya mbele, moja ya nyuma, akiongeza unene wa mto, na ubao mwembamba kila upande kuziunganisha, kingo zote zimekwanguliwa zikawa mviringo. Kisha mtafute mshona tanga akushonee mifuko miwili mirefu ya nguo ya tanga kuukuu, upana wa kiganja na nusu, urefu usiovuka kile kipimo chako cha kutoka chaki hadi ubavu wa mwisho. Ijaze usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, uliochambuliwa vizuri, uushindilie mpaka uwe mgumu kama nyama ya paja lililokazwa. Usumba una kurudi kwake, haubonyei kama sponji, na hewa inapita. Chini yake weka kitambaa kimoja safi cha pamba, ukikivuta juu ndani ya uwazi ili kisikaze juu ya mfupa, na kifuliwe kila siku kazi ikiisha. Chumvi ya jasho iliyokauka inakwaruza kama msasa. Baada ya mwezi wa kazi mito itakuwa imekaa. Ifungue, uijaze tena. Na punda akinenepa msimu wa mvua au akikonda kiangazi, pima upya.

Kuhusu kidonda chenyewe: kioshe mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita. Usipake oili ya gari, majivu, wala asidi ya betri, hata kama jirani ataapa kwamba ilimponya wake. Usikate tundu kwenye mto ili kidonda kipumue punda akiendelea na kazi, kwa kuwa ukingo wa tundu unakandamiza kukizunguka pande zote na kuinyima nyama damu. Zuia nzi. Na mpeleke kliniki wiki hii uulize chanjo ya pepopunda. Jina la ugonjwa huo halikutoka hewani. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na mavi, na punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nao upesi zaidi. Kidonda kirefu juu ya mabega, karibu na mfupa, ndicho makazi yake. Watu wa kliniki wakiona usaha unatoka kwenye kijitundu kidogo huku uvimbe ni mkubwa, watahitaji kukifungua na kukisafisha. Usijaribu mwenyewe nyumbani.

Rafiki yako mwambie akusubiri mpaka kadibodi ziwe tayari. Akikataa kukuruhusu uzijaribu kwenye tandiko lake, hilo nalo ni jibu. Ukizikata, ziandike mbele, katikati na nyuma, pamoja na tarehe, unitumie picha zake zikiwa zimelala juu ya sakafu karibu na rula. Nitakuambia upinde wa mbele uwe na upana gani kabla seremala hajagusa mbao.